Mwalimu Aliyekataa Kutaja Mchawi

Simu ya kifo cha mwalimu ilinikuta sokoni Sumbawanga nikichagua maharage. Aliyepiga alikuwa mwenzake aliyefundisha naye zamani. Baada ya kupeana pole akasema kwa sauti ya chini, "Ila unajua wanavyosema huko kwao." Nilijua. Ninyi wasomaji wangu wa siku nyingi, hasa mlioko huku kwetu Ufipa, nanyi mnajua. Mtu mzima mwenye shinikizo la damu la miaka mingi anaanguka nyumbani kwake na haamki tena, na kabla kaburi halijachimbwa wapo wanaoulizana ni nani aliyemfanyia hivyo. Maneno ya namna hii nimezoea kuyasikia misibani na kuyaacha yapite. Safari hii yalinichoma, maana marehemu alipambana nayo nusu ya maisha yake, na sina hakika kama alishinda.

Tulifahamiana kanisani. Ujanani alisoma falsafa katika seminari kuu, akatoka kabla ya daraja takatifu, akaoa, akawa mwalimu wa sekondari. Jumamosi alikuwa akiwafundisha watu wazima waliojiandaa kubatizwa katika parokia yetu ya Katandala, nami nilihudhuria kwa sababu nilikuwa msimamizi wa ubatizo wa kijana mmoja dereva wa bodaboda. Siku moja kijana huyo alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mimi mengine nayaamini, mengine bado. Nikiwa na mashaka nitabatizwa kweli?" Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Mashaka njoo nayo," alimjibu. "Kitu usichoweza kuja nacho hapa ni uongo. Ukisema unaamini na hujawahi kujiuliza, umenijibu mimi, Mungu hujamjibu." Kisha akatueleza fundisho la zamani la Kanisa, kwamba aliyetupa imani ndiye aliyetupa akili, na hawezi kutufundisha jambo kwa njia moja halafu alikanushe kwa njia nyingine. Baadhi ya viongozi wa parokia hawakulipenda somo hilo. Walimwita wakamwambia anawachanganya watu, afuate maswali na majibu kama yalivyo katika katekisimu. Alisema asante, na Jumamosi iliyofuata akaendelea alipoishia.

Mwaka uliofuata radi ikamuua binti yake. Alikuwa kitindamimba, amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na mchana ule alikuwa akipalilia ulezi na mama yake shambani kwa babu yake. Mvua ilikuwa haijaanza kunyesha. Mama aliangushwa chini, na alipoinuka mtoto alikuwa ameshakufa. Tulikwenda kijijini kuzika, na baada ya maziko wanaume wa ukoo wakaketi sebuleni, nami nikakaribishwa kama mgeni wa mwenye msiba. Wote mle ndani walikuwa Wakatoliki. Mmoja alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na ndiye aliyekuwa ametuongoza rozari jana yake.

Aliyeanza kusema alikuwa kaka mkubwa wa mwalimu. Alisema radi isiyo na mvua haiji yenyewe. Alimtaja mjane mmoja jirani, bibi wa makamo ya mama yao, ambaye msimu wa kilimo uliotangulia aligombana na mke wa mwalimu kuhusu mpaka wa shamba. Walikuwa wamekubaliana kwenda kwa mpiga ramli, na walitaka tu baba wa mtoto aridhie.

"Nani ameona?" mwalimu aliuliza.

"Mdogo wangu, uchawi hauonekani. Ungeonekana usingekuwa uchawi."

"Basi mimi siwezi kumhukumu mama wa watu kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona."

Kaka yake alimtazama. Hakuwa na hasira, alikuwa na huzuni. "Na Mungu wako umemwona? Unawafundisha watu huko mjini waamini wasichokiona. Leo kwa mtoto wako mwenyewe ndiyo unataka kuona?"

Mwalimu akainuka, akapita katikati yetu, akaenda moja kwa moja hadi kwa yule mjane na kuketi mlangoni pake. Vijana waliokuwa wameanza kukusanyika njiani wakitaka kumvamia bibi walimkuta hapo. Walimwamkia, shikamoo mwalimu, naye akaitikia, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumvuka mwenye msiba. Kesho yake akampandisha bibi yule gari la abiria, akashuka naye hadi Wampembe, kwa mwana wa bibi huyo aliyekuwa mvuvi ziwani. Bibi alikaa huko mpaka alipofariki kwa uzee. Nyumba yake kijijini ilichomwa wiki hiyohiyo.

Ningependa kuishia hapo, maana mpaka hapo ni habari ya mtu jasiri. Lakini mke wake aliamini kama walivyoamini wengine. Alimwambia mbele yetu, bila kupaza sauti, "Umemsindikiza aliyeniulia mtoto." Waliendelea kuishi pamoja, wakasali pamoja kila jioni, na kwa muda mrefu hawakulitaja jina la binti yao. Kijijini nako mambo yaligeuka. Watu walisema kama bibi yule hakuwa na hatia, mbona alikimbia? "Nilimwokoa roho," mwalimu aliniambia, "na papo hapo nikawapa ushahidi waliokuwa hawana."

Miaka iliyofuata tulikuwa tukikutana alasiri kwenye benchi la duka lililo jirani na kwake. Kila mara alirudi kwenye swali la kaka yake. Alisema katika miaka yote ya seminari hakuna mtihani uliowahi kumbana kama ule. Mwanzoni alijiambia kwamba tofauti iko kwenye gharama: yeye akikosea kuhusu Mungu, hasara ni yake, na wao wakikosea kuhusu yule bibi, anayekufa ni bibi. Baadaye akaliacha jibu hilo. "Hilo linaonyesha nani anaumia," alisema. "Halisemi kipi ni kweli. Halafu wapo waliouawa kwa jina la Mungu vilevile." Siku nyingine alisema kutoonekana si hoja. Hatukuwaona babu zetu wa tano, na hatuna shaka kwamba waliishi. Kinachotakiwa ni kwamba jambo tunaloliamini likubali kuulizwa, na mashahidi wake wakubali kuulizwa. Uchawi, alisema, hauna jibu linaloweza kuukanusha: bibi akibaki ni jeuri ya wachawi, akiondoka amekimbia hatia.

Nilimuuliza kama Mungu wake anakubali kuulizwa namna hiyo. "Nimezipitia sababu zangu moja moja," alisema. "Hazitoshi kunilazimisha. Zinatosha kwamba nikiamini sitakuwa mjinga, basi. Iliyobaki ni mimi na yeye." Nikamuuliza kama zilimsaidia alipofiwa. "Zilibaki zote, mwandishi, hakuna iliyoondoka. Ila zilikuwa baridi. Nilikuwa nasali kama mtu anayekula akiwa na homa. Unakula kwa sababu unajua ni chakula."

Tumemzika kijijini, kando ya binti yake. Kanisa lilijaa hadi nje, kama yanavyojaa makanisa yetu yote ya huku nyanda za juu, na nilipotoka kulikuwa na makundi mawili matatu yakinong'ona yale niliyosikia kwenye simu. Nilikwenda kumpa pole mjane wake. Alikuwa amekaa mkekani na dada zake, akanivuta karibu. Watu walishamletea jina jipya, aliniambia, jina la mtu anayedaiwa kumroga mumewe. Amewajibu kwamba hataki kulisikia.

"Kwa hiyo sasa unaona kama alivyoona yeye?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema. "Moyo wangu mpaka leo unamtaja yule bibi wa Wampembe. Nikilala unamtaja. Mdomo ndio niliouzuia, kwa ajili ya mume wangu, na sasa umeshazoea kuzuiwa."

Nimerudi mjini na maneno hayo na sijui niyaweke wapi. Marehemu alitumaini kwamba akili iliyofundishwa vizuri huponya imani iliyougua, na nyumbani kwake mwenyewe haikuponya. Ilichofanya ni kidogo na kigumu zaidi: mwanamke anayeamini kwa moyo wote kwamba mwanawe aliuawa amekaa miaka hii yote bila kumtaja mtu hadharani. Sisi tunaojaza makanisa tumezoea kuhesabu wema wetu kwa wingi wa tunayoyaamini. Tunaimba Nasadiki kwenye misa ya Jumapili, Jumatatu tunasadiki tunachonong'onezwa msibani, na yote mawili tunayaita imani kwa sababu hatujawahi kuyauliza swali. Nadhani anayemwamini Mungu ana wajibu wa kuwa mgumu kuamini ubaya wa jirani yake. Asiyeweza kuubadilisha moyo wake leo, na auzuie mdomo, maana kuna bibi mahali fulani ambaye uhai wake unategemea ukimya huo.