Udongo wa Mbele ya Benki

Kila mgeni wangu namtembeza mji wa Saint Paul kwa mpango uleule: naegesha gari, tunashuka hadi ukingoni mwa Mississippi, ndipo naanza kujigamba. Hapa palikuwa bandari, nasema. Meli za mvuke zilifunga gati hapa, watu wakashusha magunia mpaka kwenye yale maghala ya matofali. Leo ghala hili ni ofisi, lile linauza viatu vya bei ya kichaa, na pale juu benki ya vioo imeingia mawinguni. Nimeishi huku miaka mingi na bado nikiitazama nabaki mdomo wazi, shingo ikiniuma.

Mama alipokuja kutoka Mombasa nilitaka naye ashangae. Tangu afike kwangu Inver Grove Heights alikuwa amesifu friji tu. Jambo lililokuwa kati yetu hatukuligusa: Baba alifariki makaratasi yangu ya ukaazi yakiwa hayajatoka, na sikwenda kumzika. Sikujua kama Mama alikuwa na kinyongo, na niliogopa kumuuliza.

Nilimshusha ukingoni, nikampa maelezo yote. Hakutazama juu hata kidogo. Alitazama matofali.

"Walibeba kwa mgongo?" akauliza.

"Nadhani, Mama. Before mashine zije."

"Kama baba yako pale Kilindini."

Akapanda moja kwa moja hadi kwenye vyungu vya maua mbele ya benki, nami nyuma yake, akachota udongo konzi nzima.

"Mama! Hiyo ni property ya watu! Kuna kamera!"

"Waache waone." Akanitilia ule udongo kiganjani, akanifumba vidole. "Kule kila mtoto alitupa wake kaburini. Wako ulibaki. Baba yako alikuwa mtu wa bandari, mwanangu. Mmwagie hapa."

Nilishuka hadi majini. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai, ukipita bila haraka chini ya majengo yale, nami nikajiona mdogo kuliko siku niliyotua nchi hii. Nikasema, "Kwaheri, Baba," nikautupa ule udongo majini. Nililia kwa sauti, watu wa ofisini wakipita na kahawa zao.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameinua uso kuelekea vile vioo, mkono juu ya macho.

"Haya," akasema. "Sasa nionyeshe."