Kisulisuli cha Nne

Ningali ninaikumbuka siku ile, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa hesabu hapa Lubumbashi, navaa tai hata jua likiwaka, nikiamini Kifaransa changu kizuri kitanifikisha popote.

Tulikuwa wawili kwenye kazi moja ya kumalizia masomo, mimi na Kalenga, mtoto wa wauza samaki wa Kasenga. Tuliandika hesabu za visulisuli vikubwa vinavyokutana angani: jinsi kimoja kinavyosukuma kingine, vinavyozungukana na kuachana. Vikiwa viwili, njia yao inajulikana. Vikiwa vitatu, bado unaweza kuvifuata. Kalenga akaongeza cha nne. Akabadilisha kidogo mno mahali kilipoanzia, kama unene wa unywele, na vyote vikashika njia nyingine kabisa. Aliirudia hesabu ile wiki nzima. Ilikuwa sahihi, nami nilijua.

Lakini nilikuwa nimeshaandika hitimisho langu zuri, kwamba hesabu yetu inatabiri visulisuli hata viwe vingapi. Nikauondoa ukurasa wake wa kisulisuli cha nne bila kumwambia.

Siku ya kuitetea kazi, profesa mzee aliyetusimamia akauliza, "Na mukiongeza kisulisuli ya ine?"

"Inabakia vile vile, Profesa," nikajibu.

Kalenga akasimama. "Hapana, Profesa. Inabadirika yote. Niliandika, lakini ile page haiko."

Nami nikacheka kidogo, nikaeleza kwa Kifaransa safi kwamba mwenzangu alikosea hesabu, na kwamba niliiondoa ili nimfichie aibu. Wakaniamini. Hakuna hata mmoja aliyeshika chaki ahakikishe. Mimi nikapata diploma. Yeye akaambiwa arudie mwaka. Hakurudia. Alipanda lori la samaki, akaenda kwao.

Mimi nikawa mwalimu. Na unajua nilifundisha nini, mwanangu? Kisulisuli cha nne. Wataalamu wa mbali walikuwa wameshakiandika vitabuni, kwa hiyo sasa kilikuwa kweli hata kwangu. Wanafunzi walinisifu kwa jinsi nilivyokieleza.

Nilipostaafu ndipo nikaenda Kasenga. Nilimkuta Kalenga karibu na mto Luapula, mvi kichwa kizima, anageuza samaki juani. Nikamwambia yote. Hakuacha kugeuza samaki mpaka nilipomaliza.

"Miaka yote hii ulijua nilikuwa na haki?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini unakuya leo? Ungesema ile wakati, shule ingenirudisha. Leo unaniletea ya kufanya nini?"

Mkewe alinipa kiti na bukari, ugali wa moto, kwa heshima. Kalenga alichukua sahani yake akaenda kula nje.

Ndiyo maana nakuambia, mwanangu: kosa lako liseme wakati uliyemuumiza bado anaweza kupona. Ukichelewa, unakwenda kujitua mzigo wako tu, na yeye unamtonesha kidonda. Na kama umejaliwa kuongea vizuri, msemee mwenzako aliye sahihi hasa pale ukweli wake unapokuharibia kazi yako.

Mungu akupe moyo wa kusema ungali kijana. Akujalie uzee wenye rafiki wa kula naye sahani moja. Na heshima kama hii yangu, asikupe kamwe.