Shingo za Magauni ya Kajiado

Kazi yangu ya kununua nguo za duka ilianza Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, saa mbili kamili asubuhi, Kitengela. Shangazi Wambui, mwenye duka, alinipokea kama mtu ambaye hajawahi kuniona.

"Hapa mimi si shangazi, mimi ni Meneja. Na wewe, uko na mdomo leo ama umeuacha nyumbani?"

Nikatikisa kichwa tu. Mimi huongea na daftari hili. Lakini nyinyi binamu zangu mtanifuata likizo zijazo, kwa hivyo nawaandikia nilichojifunza.

Ujuzi wa kwanza uko mkononi. Unafinya kitambaa ndani ya ngumi, unangoja kidogo, unaachilia. Kikibaki na makunyanzi, hicho si cha Kitengela. Wateja wetu hutoka kabla ya jua kwenda kazi Nairobi, na hakuna anayetaka kufika ofisini akifanana na shuka ya kitanda. Unapindua nguo uangalie mshono wa ndani, maana nje kila nguo hudanganya. Rangi pia. Suruali nyeusi inapendeza dukani, lakini vumbi ya machimbo ya mawe itaiumbua kabla ifike stage ya matatu.

Baadaye Meneja alinihamisha tawi la Kajiado, chini ya Mama Faith, Msimamizi wa Tawi. Huko mambo yalikuwa mabaya. Magauni yalikuwa yanasifiwa halafu yanaachwa. Meneja alikuwa ameshasema stoki mpya isipotoka, tawi litafungwa, na Mama Faith atarudi kwao Kakamega bila kazi.

Mimi niliwekwa kwa pazia, pale wateja hujaribia nguo. Akina mama wa Kimaasai walikuwa wananipa shanga zao za shingoni niwashikie. Nilisimama hapo na mikono imejaa shanga, nikiona kila kitu, kimya.

Siku yangu ya mwisho kazini, Meneja alinipeleka Eastleigh, Nairobi, kununua hiyo stoki. Muuzaji wa jumla akatandaza gauni lenye shingo ndefu na zipu mgongoni.

"Mathe, hii ndio inatembea. Nairobi yote imevaa."

Kitambaa kilikuwa safi, mshono safi. Meneja akafungua mkoba. Nikaweka kiganja juu ya gauni.

"Meneja, hiyo haiwezi."

Muuzaji akacheka. "Kumbe huyu huongea!"

"Haiwezi nini?" Meneja akauliza.

"Shanga za akina mama wa Kajiado zitakaa wapi? Shingo imefunika mahali pake. Na hiyo zipu inauma nyuzi za shanga. Wao huvua shanga, wanajaribu, wanajiangalia kwa kioo bila shanga, halafu wanasema ni nzuri na wanaenda."

Meneja akanigeukia. "Na mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akafunga mkoba. "Haya, chagua wewe. Mimi leo ni wa kubeba."

Nikachagua shingo pana, vifungo mbele, bluu na nyekundu iliyokolea. Kila shingo niliipima kwa kiganja kilichotanuliwa. Muuzaji alinuna. Mimi sikuharakisha.

Nastaafu nikiwa na miaka kumi na sita, shule inafunguliwa, na nasema bila haya: kununua najua. Meneja hufikiri kazi hii ni ya wenye mdomo. Mdomo unahitajika mara moja tu, kabla pesa itoke. Siku zingine zote ni macho.

Asubuhi baada ya ile siku ya Eastleigh nilirudi Kajiado, ingawa hakuna aliyeniita. Mama Faith alikuwa ametundika gauni moja jekundu la stoki mpya mlangoni. Mama mmoja akaingia, akanisalimu kwa Kimaasai.

"Supa."

"Ipa, yeyo," nikamwitikia kama mama yangu.

Akachukua lile jekundu akaingia nyuma ya pazia. Mimi kwa mazoea nikanyoosha mikono nipokee shanga.

"Unangoja nini, nakerai?" akauliza kama anayeita mtoto wake, akitoka na gauni mwilini, shanga zimelala juu yake, akijigeuza mbele ya kioo. "Niko sawa."

Nikashusha mikono, nikaenda kufungua robota la pili la magauni mapya.