Kiboksi cha Kijani Kwenye Nyuso za Kwaya

Kabla mama yangu hajavunjika nyonga, hakukuwa na mwanakwaya Kaloleni aliyeimba noti ya uongo akamaliza wiki akiwa na amani. Mama alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Solfa alifundishwa na baba yake, fundi wa reli aliyetoka magharibi akiwa na sanduku moja na kitabu cha nyimbo, na masikio aliyorithi kwake yangeweza kumsikia mbu akipiga chafya mtaa wa Majengo. Hata sauti ya nne, wale wazee wa besi ambao wakishusha pumzi madirisha ya ukumbi hutikisika, walimwogopa kama watoto wa chekechea.

Kisha akateleza kwenye ngazi za nyumbani, mahali ambapo mtu alikuwa amemwaga maji ya kufulia. Sisi tunakaa Dandora, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Tulihama Kaloleni zamani, lakini kwaya ya mama haikuhama. Alifanyiwa upasuaji, akarudi akiwa amebebwa, na baada ya miezi kadhaa daktari akatuambia mfupa umeunga vizuri.

"Kilichobaki ni yeye mwenyewe," alisema. "Ainuke, atembee na magongo kidogo kidogo kila siku. Akiendelea kulala tu, mguu utakakamaa, na hapo hatatembea tena."

Mama alisikia kila neno. Akageukia ukuta.

Dada yangu alimbembeleza, akamkemea, akamlilia. Mchungaji alipanda ghorofa zote nne akaomba, akashuka. Wanakwaya walipopiga simu, mama aliwaambia watafute mwalimu mwingine, akalisema jambo hilo kwa upole, kama mtu anayegawa nguo ambazo hatazivaa tena. Upole huo ndio ulionitisha. Mama yangu hakuwa mpole. Nyumba ambayo kwa miaka yote ilikuwa na mtu anayeimba kuanzia chai ya asubuhi sasa ilinyamaza mpaka ungesikia sukari ikiyeyuka kikombeni.

Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na ndevu, na mtu aliyepata cheti akiwa na ndevu huamini hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda, mradi kije na karatasi ya maelekezo. Nikasema, kama mama haendi kwenye kwaya, kwaya itakuja kwake kupitia televisheni. Nikashuka kwa jirani wa ghorofa ya pili, ambaye kazi yake ni kupiga video za harusi, nikamwomba kamera yake ya zamani.

"Kamera chukua, buda," akasema. "Lakini una kadi?"

"Ya benki?"

"Ya benki utafanyia nini? Ya kunasa video! Picha haitoki kwa kamera ikaingia kwa laptopu hivi hivi, kama mgeni wa kwenu. Lazima ipite kwa kadi. Nenda mjini, ziko za kila bei."

Nilinunua ya bei ya chini kuliko zote dukani. Kumbe hata si kadi. Ni kidude cheusi kama kiberiti, upande mmoja unachomeka waya wa kamera, upande wa pili kinaingia kwenye laptopu. Muuzaji alinipa huku akiangalia pembeni. Lakini maelezo ya kwenye pakiti yalikuwa ya kishujaa. Ukiyasoma ungedhani kinaweza kurusha ndoa ya mfalme mabara yote saba.

Jumamosi, kwenye mazoezi, nilisimamisha kamera mbele ya kwaya. Mara ya kwanza laptopu yangu ilinionyesha giza tupu. Nikachomoa, nikachomeka, nikasoma maelekezo, nikasali, nikachomeka tena. Picha ikaja! Nikaifungulia intaneti ya simu yangu, nikaanza kurusha, na kule Dandora dada yangu, ambaye alikuwa amemkokota mama hadi kwenye kochi la sebuleni, akafungua kwenye televisheni kiungo nilichomtumia. Niliona kiboksi cha kijani kinarukaruka kwenye nyuso za wanakwaya, nikadhani ni pambo, nikakiacha.

Kwaya haikuwa na mwalimu, kwa hiyo iliimba kama ng'ombe wanaovuka barabara, kila mmoja kwa wakati wake. Katikati ya ubeti wa pili simu ikalia. Dada.

"Mama anataka simu," akasema.

"Anataka nini?"

"Simu! Nakwambia anataka simu!"

Kisha nikasikia mama. "Huyo uliyemwekea boksi amekosea nini?"

"Boksi gani, mama?"

"Boksi la kijani. Hapo usoni kwa huyo wa sauti ya pili, mwenye kilemba cha zambarau. Mashine yako inamshika eti amekosea, na hajakosea!"

Nikatazama. Boksi lilikuwa limeshamwacha zamani. Picha ilifika Dandora ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo mama alikuwa anamtetea mtu ambaye kesi yake ilikwisha.

"Sasa limeenda kwa mzee wa koti la kahawia," akaendelea. "Huyo naye anaonewa. Mwenye makosa ni huyo aliye nyuma yake, anayejificha. Wenzake wakifungua mdomo, yeye anafunga. Niweke kwa spika."

Nikamweka. Kwaya ikaacha wimbo katikati.

"Wewe uliye nyuma ya koti la kahawia," sauti ya mama ikatoka kwenye simu. "Ndiyo, wewe. Unaimba au unapiga miayo?"

Mzee mwenyewe, karani mstaafu mwenye wajukuu, akasimama wima. "Mwalimu, nilikuwa naitafuta noti."

"Imepotelea wapi? Si iko kwenye kitabu, ukurasa ule ule tangu Pasaka?"

Kwaya ilicheka mpaka njiwa wa kwenye paa wakahamia Makadara. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejiinamia juu ya laptopu, najifanya narekebisha waya, machozi yanadondokea vitufe.

Jioni ile nilimweleza mama ukweli. Jirani alikuwa ameniambia kwamba boksi ni la kamera, linatafuta sura za watu ili picha isififie, na kwamba kuna mahali pa kulizima. Muziki halijui kabisa.

"Kama halijui muziki," mama akasema, "mbona linachagua watu?"

"Halichagui, mama. Linaona tu sura."

"Usilizime. Nataka kuona limemsingizia nani mwingine. Mazoezi yote umeyahifadhi?"

Nilikuwa nimeyahifadhi. Kidude kile kilirusha na kurekodi kwa wakati mmoja, na hili la pili ndilo lililotuokoa. Mazoezi niliyachomeka kwenye televisheni kwa flashi, na televisheni iko sebuleni, mama analala chumbani, na waya wake wa umeme haufiki huko. Aliyetaka kukagua hukumu za mashine ilimbidi ainuke. Siku ya kwanza, safari ya kutoka kitandani hadi kwenye kochi ilichukua muda ambao mtu angekwenda Machakos akanunua maembe akarudi. Dada alinyoosha mikono amdake, mama akamwambia aishushe, yeye si kuku. Kesho yake akaenda tena, na keshokutwa. Akifika anashika rimoti, anasimamisha picha, anairudisha nyuma, anasikiliza kipande kile kile mpaka majirani wakakijua. Kisha anawatumia wanakwaya ujumbe wa sauti, mmoja mmoja.

Kule Kaloleni hofu ilitanda. Watu walisadiki kabisa kwamba boksi linakamata makosa, na nilipowaeleza kwamba sivyo, waliniangalia kama mtu aliyehongwa. Mwenye kilemba cha zambarau alijisifu kwamba yeye ndiye wa kwanza kushtakiwa na mashine akaachiliwa na Mwalimu. Karani mstaafu akahamia mstari wa mbele kwa hiari yake, ili, alisema, haki ionekane ikitendeka.

Halafu siku moja mama aliweka rimoti chini. "Mashine yako inakula besi," akasema.

"Inaila vipi?"

"Naona midomo ya sauti ya nne inacheza, lakini wenyewe siwasikii. Nasikia nyuki ndani ya kopo."

Nilibadilisha waya. Nilisoma maelekezo mpaka nikayajua kwa moyo kama Zaburi. Nilisogeza kamera, nikawasogeza wazee. Nyuki wakabaki koponi. Jirani alicheka alipousikia mkanda. "Kwa bei ile, buda, ulitaka ikupe picha na besi pia?"

Nikarudi juu nikamwambia mama ukweli, kwamba kidude kimefika mwisho wa uwezo wake. Akaitazama miguu yake. Niliogopa. Nilijua chumba kiko wapi, na ukuta uko wapi, na jinsi ilivyo rahisi kwa mtu kurudi huko.

"Siwezi kufundisha watu nisiowasikia," akasema.

"Najua, mama."

"Basi waambie sauti ya nne waje wanichukue."

Walikuja Jumamosi, wanne, wazito, wakiwa wamevaa makoti kama wanaenda kuposa. Walipofika ghorofa ya nne walikuwa wanahema kwa sauti nyembamba kuliko soprano. Wakamweka mama kwenye kiti cha plastiki, wakamshusha ngazi baada ya ngazi, na yeye akiwa kule juu hewani akawaambia, "Kumbe kupumua kwa pamoja mnaweza! Sasa nani alikuwa ananidanganya miaka hii yote?" Chini, jirani wa harusi alikuwa anatungoja na gari lake.

Kwenye mlango wa ukumbi mama akawaambia wamteremshe. Akaomba magongo. Kutoka mlangoni hadi mbele alitembea mwenyewe. Karani mstaafu aliinua mkono kutaka kumsaidia, mwenzake akamvuta koti.

Mama akakaa. "Sauti ya nne peke yao," akasema.

Wakaimba. Alifumba macho, akasikiliza mpaka mwisho, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyevua viatu vinavyombana. "Asanteni," akasema, neno ambalo kwaya ile haikuwa imelizoea. Kisha akafungua macho. "Sasa rudieni. Mmoja wenu yuko chini ya noti."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera, laptopu inarekodi. Akanigeukia.

"Na wewe, zima hicho kidude uje hapa. Sauti ya tatu wamepungua."

"Mama, mimi sijui kuimba."

"Kuna mtu amekuuliza?"

Nikazima, nikaenda kusimama na sauti ya tatu. Alasiri ile nilikosea noti nyingi kuliko zilizoandikwa kitabuni, na ninamshukuru Mungu kwa kila moja, kwa sababu nilipokosea ya kwanza mama alishika magongo, akainuka kutoka kwenye kiti, akanisahihisha akiwa amesimama.