Mirija Niliyoitoa Juani

Mwanangu, iko siku moja ambayo hadi leo nikiikumbuka nacheka, kisha naona haya. Nilikuwa binti mgeni kazini, kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu za dume zilizogandishwa. Nilitumwa kijiji kimoja upande wa Mvumi, kwa Mzee Yona. Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe mmoja tu, na wajukuu wake walikunywa uji bila maziwa.

Wanaume walijaa zizini. Mmoja akauliza, "Dume lenyewe liko wapi?" Nikawaonyesha mtungi wangu wa baridi. Wakaangua kicheko. "Yaani binti huyu ndiye dume?"

Hasira zikanipanda. Nikafungua mtungi, nikatoa kikapu chote cha mirija ya mbegu, nikakiinua juani huku moshi wa baridi ukimwagika, nikawatajia madume mmoja baada ya mwingine. Wakasogea kutazama. Mimi nikajiona profesa! Kisha nikarudisha kikapu, nikayeyusha mrija mmoja, nikampandisha ng'ombe.

Wiki tatu baadaye ng'ombe alirudi kwenye joto, akitaka dume tena, ishara kwamba hakushika mimba. Mzee Yona alikuja ofisini kwa baiskeli, wala hakugomba. "Labda ni bahati yangu, binti," alisema akitazama chini. Afadhali angenitukana. Nilijua kosa ni langu, na mirija mingine ilikuwa bado mtungini ikingoja ng'ombe wa watu.

Nikamweleza yote mwalimu wangu wa kazi, Bwana Hamisi, mtu wa Kondoa asiye na maneno mengi.

"Mbegu hizi zimechanganywa na kiini cha yai na dawa ya kuzikinga na barafu," alisema. "Kinga hiyo inatosha kuganda mara moja na kuyeyuka mara moja. Wewe umeziyeyusha nusu, ukazigandisha upya. Barafu imezichana."

Akamwaga kikapu kizima. Nililia, sikufichi.

"Futa machozi, upashe maji moto," akaniambia. Akanifundisha upya: kikapu kisivuke shingo ya mtungi, maji ya kuyeyushia yawe ya uvuguvugu na yapimwe kwa kipimajoto, si kwa kidole, na mrija ufutwe hadi ukauke, maana tone moja la maji huziua mbegu. "Na kesho utamwambia mzee mwenyewe."

Nilimwambia mbele ya wanaume wale wale. Mzee Yona akamgeukia ng'ombe wake. "Kumbe ng'ombe wangu ni mzima!" akasema. "Nilikuwa nimpeleke mnadani Jumamosi, auzwe kwa wachinjaji."

Joto lilipokuja tena nilirudi na mirija mipya, mzee mwenyewe akashika mkia, nami nikafanya kila kitu taratibu, bila hotuba. Safari hiyo ng'ombe alishika mimba, na mwaka uliofuata wajukuu walikunywa maziwa.

Wewe unayeanza kazi hii leo, una simu ya kukuhesabia sekunde za kuyeyusha mrija, itumie. Watu wakikucheka, waache wacheke, wewe linda mbegu. Ukikosea, mwaga kilichoharibika, ukamwambie mwenye ng'ombe siku hiyo hiyo, kabla hajamuuza mnyama asiye na kosa.

Mungu akupe mkono mtulivu na moyo wa kusema kweli, mwanangu. Kila zizi utakaloingia, aliye ndani yake azae.