Miguu ya Verediana

Tekla wa kijiji cha Gitting alikuwa na jambo moja lililomla moyo: mwanawe wa kwanza, Akonaay, alipoanza kuvimba, yeye alifurahi. Ndiyo, alifurahi! Mtoto mashavu yamejaa, na wanawake mtoni wanamtania, "Mama Akonaay, huyu unamlisha nini?" Naye anacheka kwa kujidai. Lo! Angejuaje? Tangu malisho yalimwe ngano ya serikali, ng'ombe walibaki wawili tu, na maziwa yenyewe yaliuzwa kambini kwa madereva wa matrekta. Mtoto alishindia uji mtupu wa mahindi. Mwezi haukuisha, wakamzika.

Sasa, kwa Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto hutengwa. Hamtembelei mtu, hamchoti maji na wenzenu, hamkanyagi njia ya watu, mpaka wazee waseme basi. Tekla akakaa ndani na binti yake Verediana, wa mwaka mmoja na nusu. Wiki ya sita, anamwogesha asubuhi, akaona miguu ya mtoto imejaa.

"Tena?" alisema.

Mama mkwe wake, Letisia, hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Naye alikuwa na hofu yake. "Ukitoka, utawapelekea wenzako msiba huu. Vumilia, mwanangu."

"Mama, nivumilie mpaka nimzike na huyu?"

Tekla akambeba mtoto mgongoni, akaiacha njia, akakatiza katikati ya shamba la ngano lililovunwa ili asikutane na mtu. Visiki vya mabua vilimchoma vifundoni mpaka akatoka damu, wala hakusimama.

Kliniki ya lishe ilikuwa imejaa. Wenzake walikuwa wameleta watoto wa kuhara, wa homa, wa kukonda mbavu nje. Yeye peke yake, machoni pao, alileta mtoto mnene. Walipomtambua wakainuka kwenye benchi, mmoja mmoja, wakaenda kusimama ukutani. Iliuma, jamani.

Nesi Severina alikuwa mtu wa Bukoba, hakujua habari za mwiko.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba, mama. Mlete hapa." Akaushika mguu wa Verediana, akabonyeza kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo likabaki. "Huu si unene. Mtoto amekosa maziwa, maharage, mayai. Lakini umemuwahi. Atapona."

Umemuwahi! Neno hilo ndilo lililomvunja. Tekla akaketi sakafuni akalia kwa sauti, mbele ya wote waliomkimbia.

"Mbona unalia, mama? Si nimekwambia atapona?"

"Akonaay tulikuwa tukimbonyeza hivyo hivyo," alisema. "Tukiona shimo limebaki, tunacheka. Na yeye anacheka."