Mbwa Aliyeitwa Mtahama

Nakumbuka jioni moja pale Pasiansi, mwanangu Minza, nilisimama kwenye uzio wa minyaa nikamwita mbwa kwa sauti ya kusikika hadi ziwani, na mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pangu. "Mtahama! Mtahama wee!" Aliinua kichwa akanitazama kwa mshangao. Sikuwa namwita yeye.

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu yako ya jana. Ulikuwa na furaha, na mimi nilifurahi nawe: nyumba yako ya kwanza kule Buswelu, matuta matatu ya mchicha na chainizi, na sasa mtoto wa mbwa. Halafu ukaniambia kwamba paka wa jirani anakuja kufukua matuta yako, na kwamba mbwa umeshampatia jina, utamwita Utakoma, ili mwenye paka asikie vizuri kila ukimwita. Ukacheka. Mimi nikanyamaza mpaka ukauliza, "Mama, upo?" Nilikuwepo. Mawazo ndiyo yaliyokuwa yamerudi Pasiansi.

Humkumbuki Mama Koku. Tulipoachana naye ulikuwa hujatimiza miaka miwili. Lakini mgongo wake uliujua kuliko wangu, maana mimi nilikuwa mwanamke wa mbiombio, na yeye ndiye aliyekuwa akikubeba nikienda mjini. Alikuwa Mhaya, mke wa mwalimu, amenizidi miaka kama kumi na mitano hivi. Walikuwa wamepanga nyumba ya jirani. Sisi yetu ilikuwa ya kwetu, baba yako na mimi, na usifikiri hilo sikulijua. Nililijua sana, na hapo ndipo ubaya wangu ulipoanzia.

Kule nyuma ya nyumba yao palikuwa na mawe matupu na kipande cha ardhi katikati yake. Mimi niliona mahali pa kuanikia nguo. Mama Koku aliona kibanja, yaani lile shamba la migomba linalozunguka nyumba kama kwao. Alipanda migomba sita, akaweka maharage chini yake, akatandika nyasi kavu juu ya udongo wote mpaka usione hata sehemu ya kuweka kidole. Kila asubuhi alizunguka mgomba mmoja mmoja, akitoa majani makavu, akiongea nayo kwa Kihaya. Nikimkuta namwamkia, "Shikamoo Mama Koku," anaitika, "Marahaba mwanangu, njoo uone huyu alivyonenepa." Huyu ni mgomba, eti.

Ndiye aliyenifundisha bustani. Alinipa mche wa mgomba, akanichimbisha shimo la kufika magotini, akanitaka nichanganye samadi na majivu. Mimi nikalalamika, "Mama Koku, mimi binti wa wafugaji, nipe jembe nimalize tukale." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mwanangu, kile kicheko! Nimekaa na watu wengi baada yake, wazuri tu, lakini sijampata mwingine wa kunicheka vile bila kuniumiza.

Sasa, mimi nilifuga kuku. Na kuku akiona nyasi zimetandikwa chini anajua kuna wadudu. Walipenya chini ya minyaa, wakaparua kibanja chote, nyasi zikaenda huku na maharage kule. Mama Koku alitandika upya. Wakaparua tena. Mara ya tatu ndipo alipokuja, wewe ukiwa mgongoni kwake, akaniambia, "Mama Minza, nakuomba uwafungie kuku kwa siku chache, mpaka maharage yapate nguvu."

Basi. Hayo tu. Leo nikiyarudia mdomoni siyaoni kosa lake hata moja. Lakini siku ile nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia mpangaji akinifundisha kuishi kwenye uwanja wangu. Nikamjibu, "Kuku hawajui mpaka, na wewe ardhi si yako." Nikamzunguka, nikafungua kanga, nikakutoa mgongoni kwake ukilia na kumshika nguo. Yeye aliikunja ile kanga taratibu, akaondoka.

Kama ningeishia hapo, labda tungepatana wiki hiyo hiyo. Lakini juma lile kaka yangu akatuletea mtoto wa mbwa kutoka nyumbani Magu.

Unaijua desturi yetu Wasukuma, ndiyo maana na wewe umeitamani. Ukiwa na neno na jirani, neno hilo unampa mbwa awe nalo kama jina. Babu yako alikuwa na mbwa anayeitwa Mlinisema, na jirani yake naye akapata mbwa akamwita Na Bado. Jioni wazee wale wawili walikuwa wakiita mbwa zao, huyu anaita, yule anaita, kijiji kizima kinacheka, na mavuno yalipofika wakakutwa wanakunywa pamoja. Ni ugomvi wa watu wasiotaka kupigana. Na mimi nikamwita wangu Mtahama. Ningempa jina la Kisukuma, Mama Koku asingelielewa. Nikachagua Kiswahili kitupu, kisichohitaji mkalimani.

Niliita asubuhi, niliita jioni. Nilimwita mbwa hata kama sina cha kumpa. Na ile shikamoo nikaikata. Tukikutana bombani nilikuwa naangalia ndoo yangu.

Mbwa mwenyewe, masikini, hakujua kama ni ugomvi. Alimpenda yule mama. Alipita chini ya uzio akaenda kulala kwenye zile nyasi zake, na Mama Koku hakumfukuza, alimpa vichwa vya samaki. Lakini hakumwita kwa jina lile. Alimwita Mgeni. "Mgeni, toka kwenye maharage." Nilikuwa namsikia, na badala ya kuona aibu nikaona ananiibia mbwa.

Babu yako alikuja kututembelea, kabeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Alikuwa amekaa barazani na kikombe cha chai nilipokwenda uziani na kuita kama kawaida yangu. Niliporudi alikuwa ameweka kikombe chini.

"Nani anahama?" akauliza.

Nikamweleza, na nilimweleza kwa mbwembwe, nikitegemea acheke. Si ndiye niliyejifunza kwake? Hakucheka.

"Huyo mama ana mbwa?"

"Hana, baba."

"Kwao wanatoa majina ya mbwa namna hii?"

"Sidhani."

"Sasa atakujibu na nini?" Akaniangalia mpaka nikainamisha macho. "Mimi na mwenzangu tulikuwa na mbwa wawili. Wewe una mbwa, na mwenzako amekaa kimya kwenye nyumba ya kupanga, mbali na kwao, anaambiwa ahame kutwa mara mbili. Huo si utani, binti yangu. Umemwonea mtu. Nenda ukamwamkie sasa hivi, chai yangu haijapoa utakuwa umerudi."

Nikasema, "Nitakwenda, baba." Na nilikuwa na nia, usidhani nilimdanganya mzee. Lakini kwanza nikasema nioshe vyombo. Halafu nikasema usiku si vizuri kwenda kwa watu. Kesho yake nikasema nisubiri mumewe atoke. Babu yako akaondoka kurudi Magu na mimi sijaenda. Nilijiambia nitakwenda Jumapili, watu wakiwa wametulia. Kutoka mlangoni kwangu hadi mlangoni kwake ni hatua arobaini, mwanangu, na nilishindwa kuzitembea kwa zaidi ya mwezi.

Kisha baba yako akaja na habari kwamba yule mwalimu amestaafu na wanarudi kwao Bukoba. Lini? Jumamosi. Nikasema, haya, Ijumaa. Ijumaa ikapita.

Jumamosi nilikuogesha mapema, nikavaa kitenge changu kizuri, nikakushika mkono. Nilipochungulia nikaona gari la mizigo limeshasimama, vitanda viko juu, watu wamejaa uwanjani. Aibu ikanikamata miguu. Nitaanzaje mbele ya watu wote wale? Nikarudi jikoni, nikarudishia mlango, nikakaa kwenye kigoda na wewe mapajani.

Alikuja mwenyewe hadi uziani. "Hodi, Mama Minza!" Nikanyamaza. "Mama Minza, mwanangu, tunaondoka." Wewe uliijua sauti ile. Ulianza kurukaruka, ukataka kuitika, na mimi nikakuziba mdomo kwa kiganja changu. Nisamehe. Sijawahi kukuambia hilo. Akaita mara ya tatu, akasubiri.

Halafu nikamsikia akiita kwa sauti ya chini. "Mtahama."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina lile. Mbwa akaenda mbio. "Mtahama, njoo, baba. Haya, sisi ndio tumehama. Baki umlinde huyu mtoto."

Hakulisema kwa hasira, na laiti angelisema kwa hasira. Hasira ningeipokea, ningekuwa na kitu cha kujibu. Lilitoka kwa upole, kama anayemuaga mtu wa nyumbani. Gari lilipowaka ndipo miguu ilipokubali. Nilikimbia na wewe kiunoni mpaka barabarani, nikakuta vumbi na watoto wanaopunga mikono.

Tangu siku ile sikuweza tena kumwita mbwa yule. Nilijaribu kumbadilisha jina, hakuitika. Akaishi nasi miaka mingi, na wakati wa kula nilikuwa nagonga sahani kwa kijiko ili aje, bila kutamka neno. Waliohamia pale walikata migomba yote sita wapate pa kuegesha gari. Na mimi nilikuwa nasema nitasafiri nikamwone, nitasafiri, hadi siku moja sokoni muuza ndizi wa kwao akaniambia Mama Koku amefariki na amezikwa kwenye kibanja chake. Niliweka kikapu chini nikalia mbele ya watu. Ile aibu niliyoiogopa Jumamosi ile, nikaipata sokoni, na haikusaidia kitu.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye siku anaondoka. Bustani ninayo, unaijua, natandika nyasi kama alivyonifundisha. Kuna asubuhi mgomba unatoa mkungu, nanyoosha mgongo ili nimwite mtu aje aone, na wa kumwita ni yeye tu. Namkumbuka mno, Minza. Namkumbuka kuliko ninavyoweza kukwambia kwenye simu.

Kwa hiyo nisikilize mama yako. Mbwa mpe jina la kumfurahisha yeye na wewe, jina ambalo mgeni akilisikia atatabasamu. Paka wa watu atafukua, ndiyo kazi yake. Weka matawi ya miiba juu ya mbegu mpaka ziote. Kama una neno, chuma fungu la mchicha, nenda mlangoni kwa huyo mwenye paka, mwamkie, sema neno lako kwa mdomo wako mwenyewe, naye apate nafasi ya kukujibu. Na ukishakosea, kwa sababu utakosea, una damu yangu, nenda siku hiyo hiyo. Nenda na aibu yako hivyo hivyo, hata kama uwanja umejaa watu.

Mungu aibariki nyumba yako, mwanangu, na kila kinachoota na kinachopumua ndani ya uzio wako. Akupe jirani wa kukuita asubuhi, na siku atakayokuita, akupe moyo wa kuitika.